Zinki Nilizozipaka Rangi

Kaka Beda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Liuli, na magoti ya mama yamepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una wivu, na nakwambia wewe tu.

Yule Osmundi wa Mbuji niliyekutajia amepewa unyapara wa kikosi chetu cha rangi hapa chelezoni Tanga. Unyapara ule nilishauhesabu wangu. Mtoto wa kahawa, hata kuogelea hajui, leo anisimamie mimi niliyezaliwa ziwani!

Ilikuwa hivi. Siku hizi boti nyingi ni za watu binafsi, na tajiri mmoja alituletea mbili za kuvulia kamba. Tukagawiwa, mimi moja, Osmundi moja, tukwangue kutu na kupaka rangi. Atakayefanya vizuri ndiye nyapara. Chini, karibu na pangaboi, kuna vipande vya zinki vimefungwa kwa boliti. Unakumbuka baba alivyotufundisha, chuma cha boti kisiachwe wazi hata padogo pa ukucha. Basi nikavipaka vyote, mara mbili. Osmundi akaviacha vya kwake. Akanifuata taratibu, akasema, "Kaka, zinki haipakwi. Maji ya chumvi yanaila yenyewe, chuma kinapona." Alikuwa amemuuliza fundi. Nikamjibu arudi kwao akachume kahawa. Wenzetu wakacheka, nami nikajiona bingwa.

Boti zikaenda baharini, zikarudi baada ya miezi. Zinki za Osmundi zimelika kama kipande cha sabuni, chuma chake kizima. Zangu zipo vilevile na rangi yake, lakini bamba la pembeni limeliwa vishimo, ncha ya kidole inaingia. Kumbe kule ziwani maji yasiyo na chumvi yalitusamehe mengi.

Bosi alitaka kunifukuza. Osmundi akanitetea, akasema mtu wa ziwani hajui mambo ya chumvi, aachiwe yeye anifundishe. Nikabaki. Afadhali angenisema vibaya, kaka, ningepata pa kumchukia.

Sasa anakuja likizo kwao Mbuji, atateremka hadi hapo ziwani, na barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Nisalimie mama, shemeji, shangazi yetu wa Kihagara na mwalimu wa kwaya. Osmundi mchomeeni samaki wetu mbasa, alale kitandani kwangu, na mumshukuru kwa niaba yangu, maana mimi nimeshindwa kutamka asante. Mama atampenda, najua, kila mtu anampenda. Ila nakuomba, asimwite mwanangu.

Ndimi mdogo wako nisiyekusahau,
Tomasi