Namba ya Mjomba Mhina

Mwanza, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Na bibi naye mpe shikamoo yake, maana najua barua hii utamsomea kwa sauti. Mimi sijambo. Homa iliyonishika mvua zilipoanza imekwisha, na nakula vizuri, ila huku ni samaki asubuhi na jioni hadi natamani ugali wako wa bada na mlenda. Mguu wa bibi umepungua kuvimba? Mahindi yamebeba?

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Eti Mjomba Mhina ni mwizi. Ndugu yako aliyetunza stoo ya pembejeo ya Handeni tangu ikiwa ya shirika la umma, hadi kampuni hii ninayoifanyia kazi ilipoinunua na kuifunga, leo anaitwa kituo cha polisi Korogwe aeleze mabomba ya kunyunyizia dawa ya pamba yamekwenda wapi. Unasema akipita sokoni Manundu wauza vitumbua wanamwambia, "Mzee, wewe umestaafu na stoo yako mgongoni." Unasema meneja wa Korogwe amempa hadi Ijumaa asaini kwamba aliyachukua, la sivyo afikishwe mahakamani. Mama, asisaini. Sijawahi kukuandikia kwa amri, unisamehe, lakini asisaini.

Mabomba hayakuibwa. Yapo Kahama, migongoni mwa wakulima, na hapa makao makuu wapo watu wanaojua hivyo na wamenyamaza. Nikueleze polepole, ili nawe umweleze mjomba.

Ndani ya kompyuta za kampuni kuna daftari la kila mtu na kila kitu. Lakini kompyuta haitambui mtu kwa jina, inamtambua kwa namba, na namba hizo zimepangwa kama shina na matawi yake. Ya kwanza ni ya kampuni. Kisha inawekwa nukta, inafuata namba ya kituo. Kisha nukta nyingine, inafuata namba ya kazi. Makao makuu hugawa namba za vituo, na kila kituo hugawa zile za chini yake, hivyo hazigongani. Handeni ilikuwa nne, na mtunza stoo wa Handeni alikuwa mbili. Kwa hiyo, ukiacha ile ya kampuni ambayo ni moja kwa wote, nne nukta mbili ndiye mjomba. Jina lake lilibandikwa pembeni tu, ili sisi binadamu tusome.

Wafikirie wale ng'ombe wanaopita nyuma ya nyumba kwenda mnadani. Chapa ya ubavuni inasema ni wa ukoo gani, na mkato wa sikio unasema ni wa boma gani. Boma likihama, nani atachukua mkato wao ampe jirani mpya, na huku ng'ombe wa wenyewe bado wanazurura nyikani? Watu wangeshikiana sime. Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo, na chuoni tulifundishwa mapema kabisa: namba ikishatolewa haipewi mwingine, hata mwenyewe akiondoka, hata akifa. Inaachwa. Namba hazina mwisho, sasa uchoyo wa nini?

Handeni ilipofungwa, kampuni ilifungua kituo kipya Kahama. Mkuu wetu wa kompyuta akasema Kahama wapewe nne. Nilikuwa nimesimama pale na mafaili yangu. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Samahani bosi, nne ilikuwa ya Handeni. Tuwape Kahama namba ambayo haijatumika."

"Handeni imekufa," akasema. "Namba ni kiti, binti. Aliyekikalia kaondoka, anakaa mwingine."

"Lakini Korogwe bado wana daftari la zamani."

"Watapelekewa jipya." Akawageukia wenzake. "Huyu mmemtoa wapi? Anataka tumwekee marehemu kiti." Wakacheka, naye akaiandika ile nne kwa mkono wake.

Daftari jipya halikupelekwa. Husafiri kwenye disketi, mfukoni mwa mtu, na hakuna mtu aliyesafiri. Lakini maagizo ya mali hupita kwenye waya wa simu, nayo hubeba namba tupu. Mtunza stoo wa Kahama, dada mmoja mpole ambaye naye alipewa mbili, akaagiza mabomba kutoka stoo kuu ya Korogwe kama alivyotakiwa. Kompyuta ya Korogwe ikaona nne nukta mbili, ikaangalia daftari lake kuukuu, ikachapa: Mhina, Handeni. Mali ikakabidhiwa lori ambalo Kahama walilituma lisubiri njia panda ya Segera, na hakuna aliyeliuliza linakwenda wapi; ikafika Kahama salama. Baadaye ndipo meneja wa Korogwe akakumbuka kuwa Handeni ilishafungwa. Hakujiuliza mzee aliyekaa kwake Chanika, huko huko Handeni, hana kompyuta wala simu, ameagizaje mali. Akaita polisi.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwa mkuu. Nilimweleza yote. Akafunga mlango.

"Huyo Mhina ni nani wako?"

"Ni mjomba wangu."

"Basi nyamaza. Neno la mpwa litamsaidia nini? Na nikisikia umepiga simu Korogwe, kafungashe."

Anaogopa wenye kampuni wasijue alichofanya. Mimi namwelewa mtu anayeogopa, mama, unajua tangu utoto nilivyo. Lakini yeye anaogopa akiwa ofisini kwake, na mjomba ndiye anayekaa kwenye benchi la polisi kwa ajili yake. Hilo limeninyima usingizi kuliko hofu yangu mwenyewe.

Kwa jambo moja alisema kweli: neno langu halitaaminiwa. Kwa hiyo sitasema neno, na Korogwe sitapiga simu. Nimezungumza na yule dada wa Kahama, naye aliposikia alilia. Alhamisi asubuhi, ofisi zikishafunguliwa, ataagiza ufagio mmoja kutoka Korogwe. Ufagio tu. Wakati huo mjomba awe amekaa mbele ya yule afande uliyesema alimpa kiti na maji, maana nadhani ana utu. Amwombe atume askari mmoja akasimame kwenye mashine inayochapa maagizo, ofisini kwa kampuni hapo Korogwe. Karatasi itatoka imeandikwa kwamba Mhina wa Handeni ameagiza ufagio. Askari airudishe kituoni. Kisha meneja aitwe aulizwe, mzee huyu aliyekaa hapa tangu asubuhi ameagiza ufagio kwa mkono upi?

Barua hii nampa mwalimu mmoja anayesafiri kesho kuja Korogwe. Ameahidi kukufikishia mkononi kabla ya Alhamisi.

Mkuu atajua kuwa ni mimi. Nguo zangu nimeshazikunja, maana aliniambia nikafungashe. Ukiniona nashuka na begi usiniulize mbele za watu, nipe kwanza chai.

Msalimie mdogo wangu Salimu, asiache shule kwa ajili ya maneno ya mtaani. Msalimie mke wa mjomba, mwambie asione haya kwenda sokoni. Mwambie Alhamisi aende Korogwe na mumewe, avae kanga yake nzuri.

Ni mimi binti yako mwoga,
Zuhura