Nilivyomwonjea Mzee Anselmo Mvinyo Wake

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, imeamkia mvua ya rasharasha na mpaka sasa haijaamua kuondoka. Kanga nilizofua jana jioni bado mbichi kambani. Naandika haraka, kwa sababu kuna kitu kwenye ulimi wangu ambacho sitaki kiondoke kabla sijakiandika.

Leo nimeonja mvinyo.

Wanaonijua watashangaa. Mimi ni Mkatoliki, dini yangu hainikatazi; aliyejikataza ni mimi mwenyewe. Baba yangu alikuwa seremala wa kusifika kule Mueda. Meza zake zipo hadi leo, yeye hayupo. Alianza na pombe ya jioni, ikawa ya mchana, mwisho ikawa ya asubuhi, na nilipofika miaka kumi na minne tukamzika. Siku ile niliapa mbele ya mama kwamba kileo hakitapita kooni mwangu. Nimehudumia mezani miaka tisa, nimewafungulia watu chupa zisizo na idadi, na kiapo hakijawahi kunisumbua. Bia ni bia. Mvinyo wa boksi unanuka kama boksi lenyewe. Sikuona nilichokosa.

Kisha akaja mzee Anselmo.

Alifika Jumatano katika nyumba ya wageni ninakofanya kazi, ile ya vyumba vinane upande wa barabara iendayo Mute. (Tulipokimbia vita ilifungwa. Tuliporudi ikapakwa rangi mpya, nami nikarudi kwenye meza zangu.) Ana miaka themanini hivi, mrefu, aliyekulia Mocímboa da Praia. Aliondoka akiwa kijana kwenda kufanya kazi ya mitambo melini, akaishia kuoa na kukaa Lisbon. Kiswahili chake ni cha zamani, cha watu ambao wengi wao hawapo tena.

Siku ya kwanza nilimletea supu ya pweza. Akala vijiko viwili, akaweka kijiko chini.

"Vipi mzee, si nzuri?"

"Sijui, mwanangu," akasema. "Ile homa iliyofunga dunia ilinipitia na mimi. Mwili ukapona, pua haikupona. Tangu hapo kila ninachokula ni kitu cha moto au kitu cha baridi, basi. Hebu niambie wewe. Humu mna nini?"

Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nikainama juu ya bakuli, nikamwambia kama nilivyosikia: tui ni la kwanza, zito; ndimu imekamuliwa baada ya chungu kuepuliwa; na chini kabisa kuna moshi, kwa kuwa Mwanaisha, mpishi wetu, humbanika pweza kabla ya kumchemsha. Mzee alinisikiliza amefumba macho. Halafu akachukua kijiko, akamaliza bakuli zima.

Tangu hapo nimekuwa nikimsimulia kila mlo. Hata chai. Mwanaisha ananicheka kwamba nimepandishwa cheo, sasa nawalisha wageni maneno.

Leo asubuhi akaniomba jambo jingine. Alikuja na chupa tatu kutoka Lisbon, amezifunga ndani ya masweta. Mvinyo huu si wa kuukuta dukani. Ni ule ambao watu huushindania kwenye minada, wakaufungia chini ya nyumba miaka na miaka, na wengine hufa hawajaufungua. Yeye na marehemu mkewe, Dona Amélia, waliukusanya chupa moja moja enzi za nguvu zao. Nyingine zote walishazinywa pamoja. Zilibaki hizi tatu, na pua imekufa. Alitaka nimwonjee.

Nikamwambia habari ya baba. Sijui kwa nini nilimwambia; mambo hayo simwambii mtu.

Hakunibembeleza. "Basi acha, mwanangu," akasema. "Ila ujue tu kwamba waonjaji hutema. Huonja, husema walichokiona, hutema. Anayetaka kulewa hana haja ya chupa hizi."

Nilikwenda jikoni nimechanganyikiwa. Mwanaisha alikuwa anakuna nazi. Ni mtu wa swala tano, chupa yoyote yenye maandishi asiyoyaelewa haiingizi jikoni kwake. Nilitaka anikataze, nadhani. Ningepumua.

"Mimi hiyo siigusi," akasema, bila kuinua uso. "Lakini mzee wa watu anaazima pua. Dhambi ya kuazimana pua mimi sijafundishwa. Amua mwenyewe, Rosa. Na ukishaamua usije kunilaumu."

Nikaamua.

Saa nane mchana, wageni wengine wamejilalia kwa mvua, tulikaa baraza ya nyuma. Mzee alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Glasi zake mwenyewe, nyembamba hata nikaogopa kuzishika. Bakuli la kutemea. Kipande cha mkate. Alikuwa amevaa koti na tai, kwa joto hili! Nami nikajiona nimevaa vibaya.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya mvinyo mweupe wa Borgonha, kule Ufaransa. Mweupe ni jina tu. Rangi yake ilikuwa ya samli iliyoyeyuka. Mzee alinifundisha kushika glasi kwa mguu wake mwembamba, kuizungusha, kungoja, kisha kuingiza pua.

Nilitarajia harufu ya pombe. Harufu ya baba.

Iliyonijia ni ya korosho, zinapotoka motoni na ganda bado linatoa moshi. Nikanusa tena. Ndimu, lakini ganda lake, si maji yake. Halafu kulikuwa na kitu kilichonishinda jina mpaka nilipokitia mdomoni: jiwe. Jiwe la kusagia likishasuuzwa, likiwa bado na ubaridi. Nilikuwa sijui kwamba jiwe lina ladha, wala kwamba naikumbuka.

Nikatema. Ladha haikutemeka.

Ilikaa. Nilihesabu pumzi kumi, bado ilikuwa inageuka, mara chumvi, mara kama asali inayopita mbali. Nikawa nazisema zote kama zinavyokuja, na mzee anaitikia kwa kichwa.

"Korosho," akarudia. "Amélia yeye alikuwa akisema lozi. Lakini Amélia hakukulia huku." Akacheka kidogo. Naye akapiga fundo, akameza, akangoja. "Mimi nasikia uchachu tu. Endelea, mwanangu. Endelea."

Chupa ya pili ndiyo aliyokuwa akiigusa kila mara, kama mtu anayehakikisha mtoto yupo. Mwekundu, wa Bordéus, Ufaransa hiyo hiyo, wa shamba ambalo hata mimi nimewahi kusikia wageni wakilitaja kwa sauti ya chini. Dona Amélia alimpa zawadi siku alipoacha kazi ya meli. Walisema wataifungua mwaka utakaofuata. Kila mwaka ukawa utakaofuata. Kisha Dona Amélia akaugua.

Aliifungua mwenyewe kwa kizibuo, taratibu, jasho likimtoka. Kizibo kilitoka kimemeguka. Akanimiminia.

Nikanusa, kisha nikarudi kunusa.

Gunia. Gunia lililolowa likasahauliwa stoo. Chini yake siki. Nikatia mdomoni, nikiomba ulimi wangu unikanushe, haukunikanusha. Mvinyo ule ulikuwa umekufa. Si jana, miaka mingi.

Mzee alikuwa ameegemea mbele, amenikazia macho. Nikautema, nikajifuta mdomo, nikadanganya.

"Ni mzuri sana, mzee. Una harufu ya waridi. Na... na zambarau."

Mvua tu juu ya mabati.

"Mwanangu," akasema, "homa ilinichukulia pua. Macho iliniachia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Siku nne mtu amekula kwa neno langu, ameniamini kuliko ulimi wake, na mahali pekee ambapo neno langu lilikuwa na uzito nimempa uongo. Naandika haya nikiona haya. Nilidhani namhurumia. Nadhani nilikuwa najihurumia mimi, nisiwe wa kumwambia.

"Nisamehe, mzee," nikasema. "Umeharibika. Unanuka gunia lenye ukungu. Na siki."

"Sana?"

"Sana."

Akaichukua chupa, akaitazama kwenye mwanga. Midomo ilikuwa inamtetemeka, nikajua sasa analia, na kweli machozi yalitoka, lakini kilichotoka kinywani ni kicheko.

"Aliniambia!" akasema. "Mwaka baada ya mwaka aliniambia. 'Anselmo, chupa si ng'ombe. Ukiiweka haitazaa.'" Akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Kisha akasimama, akaenda ukingoni mwa baraza, akaimimina yote mvuani, pole pole, mpaka tone la mwisho. Ardhi ikawa nyekundu kidogo, mvua ikaifuta.

Aliporudi kuketi alikuwa amevua koti.

"Sasa," akasema, "kweli tupu."

Chupa ya tatu ilikuwa fupi na nyeusi, haina karatasi, imeandikwa jina na mwaka kwa rangi nyeupe, kama kwa brashi. Mvinyo wa kisiwa cha Madeira. Nikausoma mwaka ule mara mbili. Zabibu hizo zilichumwa kabla bibi yangu hajazaliwa.

Nikauliza kama nao hautakuwa umekufa. Akasema mvinyo huu haufi kirahisi. Zamani mapipa yake yalipakiwa melini, yakapita bahari za joto, yakapigwa jua na kutikiswa miezi, na badala ya kuharibika yakarudi yakiwa bora kuliko yalivyoondoka. Watu wa kisiwa wakajifunza kuupasha joto makusudi. Kinachoua mvinyo mwingine ndicho kilichoulea huu.

Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea, na pembezoni mwa glasi kulikuwa na ukijani kidogo. Sikuhitaji kuingiza pua. Harufu ilinifuata nilipo. Ganda la chungwa lililokaushwa juani. Sukari ikiungua chini ya sufuria, sekunde ile kabla haijawa chungu. Tende. Ubani, lakini ubani wa nguo, ule unaobaki kesho yake. Nikatia mdomoni, na utamu niliokuwa nimeungoja ulikatwa katikati na ukali kama wa ukwaju, ukanifumbua macho, kisha vyote viwili vikaenda pamoja, vikapanda, vikaingia mpaka nyuma ya pua, vikakaa.

Niliishusha glasi kitambaani, taratibu.

Nikafikiri: mikono iliyochuma zabibu hizi imezikwa. Na watoto wao wamezikwa. Vita vimepita, bendera zimebadilishwa, sisi tumekimbia na kurudi, na muda wote huo jua la mwaka mmoja lilikuwa limekaa ndani ya chupa, linangoja mdomo. Na mdomo wenyewe ndio huu wangu, wa binti wa seremala, Palma, Jumapili ya mvua.

"Sema," mzee akaninong'oneza.

Nikaanza kusema, na hapo ndipo nilipogundua kwamba safari hii sikuwa nimeligusa bakuli la kutemea.

Nilimeza.

Sikukusudia. Au nilikusudia, sijui. Nimejiuliza tangu saa ile. Joto dogo lilishuka kifuani, nikangoja niwe mtu mwingine. Sikuwa. Nilikuwa Rosa, nimekaa kitini, nasikia harufu ya chungwa. Nikamfikiria baba bila hasira, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Siku zote nilidhani aliipenda pombe kupita kiasi. Leo najiuliza kama aliwahi kuionja hata mara moja. Nakumbuka alivyokuwa akirudisha kichwa nyuma na kugugumia, kama mtu anayezima moto. Hakuwahi kungoja. Labda hakutaka kusikia kilichokuwamo.

Sikuomba glasi ya pili. Mzee hakunipa. Tulikaa nusu saa nikimsimulia glasi ile moja, kwa Kiswahili, kwa sababu Kireno changu kilinipungukia na chake, alisema, kimechoka. Alitaka ukwaju nimwambie mara tatu. Mwisho alirudisha kizibo, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema "ahsante" tu, lakini namna alivyoisema nimeshindwa kuiandika hapa.

Nilikuwa nakusanya glasi aliponiambia kwa nini amekuja huku badala ya kubaki Mocímboa kwa ndugu zake. Mama yake alikuwa mtu wa Quionga, kaskazini ya hapa. Alimtoa huko mgongoni, mtoto mchanga, na mama mwenyewe hakurudi tena hadi alipokufa. Kesho anakwenda kuliona shamba lao la minazi, kama bado lipo. Aliuliza kama ningeweza kufuatana naye. Kuona ataona mwenyewe, alisema. Anataka mtu wa kumwambia mahali hapo pananukaje.

Nimeshaomba ruhusa, nimepewa. Mwanaisha atanifungia mikate ya kumimina.

Nimepita Quionga mara nyingi nikienda Namoto kuvuka mpaka, nikirudi, nikiwa na haraka, nikiwa na mizigo, wakati mwingine nikiwa na hofu. Nimekaa hapa nikijaribu kukumbuka harufu yake hata moja.

Sikumbuki. Mara zote hizo nilikuwa navuta pumzi ya nini?