Vibao vya Lango la Mfereji

Bwenini, karibu na Uwemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako uliokuwa ukivimba unaendeleaje? Na Mama, kifua kimepona? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inatuamsha kabla ya kengele. Nina jambo linaloniaibisha. Tafadhali lisome lote kabla hujakasirika.

Nyuma ya shule unapita mfereji wa kumwagilia, kama ule unaoutunza wewe huko Mahongole. Kando ya lango la maji kuna kibanda cha bati kisicho na kufuli. Ndani mna reki, ndoano ya kuopolea majani, na vile vibao vinavyopachikwa langoni ili maji yapande yaingie mashambani. Wanafunzi hupita bila hata kukitazama. Jumamosi Tumaini, jirani yangu wa kitanda, alichungulia.

"Jamani, mbao za bure! Tuinulie matranka, sakafu imelowa. Au ni za mtu?"

"Nani ana kazi na takataka hizi?" nikajibu, tukavibeba vyote hadi bwenini.

Baba, nilijua ni vibao vya lango. Niliogopa wenzangu wangeniuliza nimejuaje, maana nilishawaambia kwamba wewe ni fundi umeme.

Jumatatu tulimkuta mzee anayetunza mfereji amesimama majini, akiziba lango kwa viroba vya udongo. Mama mmoja mwenye bustani ya kabichi alikuwa akimfokea: "Vibao umevifanya kuni, sema! Kesho kamati ya mfereji inakutoa kazini." Mzee aliinama akaongeza kiroba kingine. Ni kama nilikuona wewe.

Nilikimbia bwenini, nikashusha matranka, nikarudi na vibao vyote.

"Ni mimi," nikasema mbele yao. "Na nilijua kazi yake. Baba yangu anatunza mfereji Mahongole."

Tumaini akaangua kicheko. "Kumbe fundi umeme wa maji!"

Mzee aliniuliza tu, "Kipi kinatangulia?"

"Kile kinene, chini."

"Basi ingia, mwanangu."

Nikaingia na sketi yangu ya shule. Maji yalipopanda, yule mama alimwomba mzee radhi. Mimi sikuweza kumtazama mzee usoni.

Nisamehe, Baba. Siku ya wazazi inakaribia. Mguu ukikuruhusu, uje. Nataka nikutambulishe mwenyewe, kwa kazi yako.

Nisalimie Mama, Bibi, na mdogo wangu wa darasa la tatu, mwambie asome.

Anayejivunia kuwa mwanao, ingawa amechelewa,
Neema