Yule Mzee ni Mjomba Wake

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hiyo shikamoo halafu nikakaa na kalamu mkononi, kama vile nasubiri marahaba yako ile ya kuvuta, iliyokuwa inaanzia kifuani. Haya. Nimejiitikia mwenyewe, tuendelee.

Naandika kwenye daftari la Tekla mjukuu wako, kurasa za nyuma. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba na haujakua tangu hapo. Tekla mwenyewe amechaguliwa kwenda sekondari ya Kilakala. Niliposikia nilikimbia nije kukuambia, nikafika hadi mlangoni pa kibanda chako cha gemu ndipo nikakumbuka. Nikasimama pale na khanga yangu mkononi, watu wananiangalia.

Ngoja kwanza nikupe habari za msiba wako, maana wewe ulikuwa hukosi kuuliza msiba wa fulani ulikuwaje. Wako ulijaa. Shangazi Sista alishuka kutoka misheni na masista wenzake, wakaimba vizuri sana. Padri naye alihubiri vizuri. Ila mtani wetu, Mama Chausiku, alitutia aibu. Alichukua kofia yako na miwani yako, akaketi kando ya jeneza, kashika mwiko kwa mikono miwili, vidole gumba vinabonyeza, ulimi umetoka pembeni, na kila baada ya muda anarushwa pale alipoketi kama ulivyokuwa unarushwa wewe ninja wa gemu lako akiruka. Ni wewe kabisa. Halafu akainamia jeneza akasema, "Mzee, maisha yako matatu yamekwisha. Waachie wenzio padi." Baba, nilicheka huku machozi yananiingia mdomoni.

Wageni waliotoka Gairo wakaniuliza, mzee kama yule, msoma masomo kanisani, alihusiana vipi na mambo ya ninja? Ikabidi niwasimulie. Na wewe nakusimulia tena, nivumilie, kwa sababu mwisho wake nimeujua wewe ukiwa hupo.

Niliwaambia uliondolewa kiwandani wakati kinatafutiwa mnunuzi. Hukuondolewa kama wenzako waliopewa kiinua mgongo na barua ya asante. Wewe uliondolewa kwa neno wizi. Mzee Damasi wa stoo, rafiki yako, mwenzetu wa jumuiya, aliyesali sebuleni kwetu mara ngapi sijui, alisimama mbele ya meneja akasema alikuona alfajiri ukipitisha majora ya vitambaa chini ya uzio. Alfajiri hiyo ulikuwa umelala. Shahidi wako alikuwa Mama peke yake, na nani anamsikiliza mke? Mama akafa na hilo neno moyoni. Wewe ukawa hulisemi kabisa, na kutolisema kwako ndiko kulikonitia mimi hasira.

Halafu TV zikaruhusiwa, mji mzima ukawa unachungulia madirishani pa watu. Ukaenda Dar es Salaam na kabichi za Mgeta, ukarudi na TV kuukuu na mashine ya gemu iliyokuja na mitumba, yenye kaseti moja tu, ukafungua kibanda cha kuchezesha watu. Maandishi yake yote ya kwao huko, kama kuku kapita kwenye majivu. Hakuna aliyejua yanasema nini. Tulijua tunachokiona: nyumba inaungua, mzee anaanguka mlangoni, ninja anapiga magoti mbele yake, kisha anainuka na kuanza kukimbia. Anakimbia msituni, juu ya mapaa, kwenye daraja la kamba, anakata kila anayemkuta, hadi amfikie yule adui aliyemuua mzee.

Mwanzoni watu walipouliza yule mzee ni nani yake, ulikuwa unajibu, "Mzee fulani tu." Wakati wa mgao wa umeme ulikuwa unasimama mbele ya kioo cheusi na kuwachezea kwa mdomo na mikono, na hakuna aliyeondoka. Hilo nalo niliwaambia wageni, wakacheka.

Siku ya nyanya sikuwasimulia. Naisimulia hapa.

Unakumbuka. Nilikuwa sokoni na mchicha wangu, mke wa Damasi akaja kupanga nyanya meza ya pili, na akanisalimu. Akanisalimu tu, Baba, hakufanya lingine. Nikapindua meza yake. Nikasema maneno siwezi kuyaandika kwenye daftari la mtoto wa shule. Nikaapa mbele ya soko zima kwamba Damasi hataingia kaburini kwa amani, mimi nitahakikisha, na kama ni kwa panga basi kwa panga. Sikuwa natania. Panga nilikuwa nalo nyumbani na nilikuwa nimeshalinoa.

Watu wakakuita. Ulikuja na suruali yako ya Jumapili, ukapiga magoti kwenye matope, ukaokota zile nyanya moja moja na kuzifutia shati lako. Nzima ukamrudishia mama wa watu, zilizopondeka ukazichukua zote. Tukala mchuzi wa nyanya wiki nzima. Hukunigombeza. Njiani ulisema jambo moja tu. Ulisema, "Yule ninja wangu anakwenda kulia tu. Ukimrudisha nyuma, TV inagoma. Wewe una kushoto, Yustina."

Nilidhani umeanza kuzeeka.

Na ilikuwa wiki hiyo hiyo ulipoanza kuwaambia watu kibandani, "Huyu mzee ni mjomba wake." Wote wakakubali mara moja, maana ndivyo tulivyo sisi huku Uluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanaume akidhulumiwa, mwenye kumdaia ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mtoto wake mwenyewe kazi yake kulia tu na kupika. Kwa hiyo ninja akawa mpwa mwema anayemlipia mjomba, na gemu lenyewe likapata jina. Watu wakawa wanasema, twende tukacheze Mjomba. Na wewe kila mara ulikuwa unaongezea, huku unafuta miwani, "Mimi dada yangu ni Sista. Sina mpwa. Nikifa, hakuna wa kushika upanga." Kibanda kizima kinacheka. Na mimi nacheka. Nilikuwa nakuletea uji, nasikia, nacheka, naondoka.

Sasa nikuambie yaliyotokea ulipoondoka.

Wiki ya pili baada ya kukuzika, Mzee Damasi alimtuma katekista. Miguu imemvimba, anasema ana siku chache, anaomba aje kwenye misa yako ya arobaini aseme neno mbele ya watu. Nilimjibu katekista kwamba Damasi abaki kwake. Baba yangu alilingoja neno lake wakati ana masikio, sasa hana. Katekista akaniambia nikasali. Nikamwambia nasali kila siku.

Na nilikuwa nasali, Baba, lakini nikuambie siri ambayo pengine uliijua, maana ulikuwa unaketi pembeni yangu. Tangu walipokufukuza, nikifika kwenye Baba Yetu pale pa kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea, nanyamaza. Nafunga mdomo, nangoja wenzangu wapite, naungana nao kwenye usitutie katika kishawishi. Miaka yote hiyo. Nilikuwa naona ni afadhali kunyamaza kuliko kumdanganya Mungu.

Basi, zikiwa zimebaki siku chache tufike arobaini, akaja Bwana Mpunga, yule kijana wa Kijapani anayefundisha wakulima wa bondeni. Alikuwa safarini ulipofariki. Akaniletea mchele na pole, akasema shikamoo yake ile ya kuinama hadi unaona kisogo. Akaomba kuiona mashine. Nikafungua kibanda, nikawasha, na kwa kuwa sikujua la kusema nikaanza kumsimulia kama wewe: nyumba inaungua, huyu ni mjomba wake.

Akatabasamu kwa haya. Akasema, "Mama, hapa wameandika baba. Huyu ni baba yake."

Nikamwambia, maskini, mzee wa watu alikosea, hakujua kusoma hayo maandishi yenu. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mzee alijua. Nilimsomea mimi, siku ya kwanza kufika hapa. Akaniomba nisimwambie mtu."

Nikamuuliza siku ya kwanza ni lini. Alishindwa kuitaja, ila alikumbuka kwamba ulimkaribisha chakula, na mchuzi ulikuwa nyanya tupu, sufuria nzima, na yeye akadhani ndivyo Waluguru wanavyokula.

Nikakaa chini kwenye benchi la wachezaji. Bwana Mpunga akaogopa, akadhani amenitukana.

Baba. Ulisomewa kwamba ni mtoto anayemlipia baba yake kisasi, na wiki hiyo mimi mtoto wako nilikuwa na panga lililonolewa. Ukaenda ukambadilisha mzee wa watu ukoo. Kila siku, kwa kila aliyeingia, mpaka ulipougua, ulikuwa unasema mjomba, mjomba, mimi sina mpwa, nami nasimama mlangoni na kikombe cha uji nikidhani unachekesha wateja. Ulikuwa unasema na mimi. Ulikuwa unanivua hiyo kazi kabla sijaishika.

Ungeniambia tu. Lakini hapana, ungeniambia ningebisha. Nakijua kichwa changu, nimekirithi kwako.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mzee Damasi. Sikutuma mtu. Sikusema mengi, nilimwambia misa ni saa nne na kiti kitakuwepo.

Akaja. Mkewe kamshika huku, fimbo inamshika huku. Baada ya baraka aliinuka, kofia kifuani, na sauti yake ilikuwa ya kunong'ona lakini ilifika hadi nyuma. Alisema, "Majora niliyatoa mimi. Marehemu hakuyagusa." Akataka kuendelea, akashindwa, akabaki amening'inia kwenye fimbo yake. Ni Mama Chausiku aliyetuokoa. Akamwambia, "Kaa chini mzee, usije ukatuongezea msiba na wali umeshapimwa." Watu wakacheka, kile kicheko cha kupumua. Nami nikamsogezea kiti. Ni kiti chako, Baba, kile cha kamba. Hakukuwa na kingine karibu, lakini hata kingekuwepo.

Mkewe akanifuata jikoni. Tukakata nyanya pamoja. Moja ikamponyoka ikadondoka, akaniangalia. Nikaiokota nikaifutia khanga. Basi akaanza kulia na mimi nikaanza kulia, na mchuzi ukaungua chini kidogo. Watu walikula hivyo hivyo.

Sitaki kukudanganya kwamba yameisha. Nikimwona Damasi bado kuna kitu kinanipanda hapa kooni. Jina lako limesafishwa mbele ya watu, lakini Mama hakusikia, na hilo linaniuma, nalisema wazi. Ila Jumapili iliyopita, tulipofika pale, nilifungua mdomo. Sauti ilitoka ndogo, imekwaruza kama mlango wa ghala. Nilisema sentensi nzima mpaka mwisho. Nikageuka upande wako kuangalia kama umesikia, nikakuta amekaa mama mmoja na mtoto anayenyonya.

Panga nimelipeleka shamba, linafyeka nyasi kwenye migomba.

Kibanda nakifungua jioni nikitoka sokoni. Nimejifunza kucheza, usicheke. Nafika darajani, kamba inakatika, nakufa. Nafika tena, nakufa tena. Mama Chausiku ananisimamia nyuma na kuniambia mkono wangu ni wa kukorogea ugali. Bwana Mpunga nimemwapisha asimwambie mtu yaliyoandikwa pale, naye ameapa kwa kuinama mara tatu.

Lala salama, Baba yangu mpole. Mwombee Tekla huko shuleni, niombee na mimi hilo la kooni. Shangazi Sista anasema utakuwa umeshakutana na Mama. Basi umwambie kuhusu majora, umwambie polepole, aketi kwanza.

Na hili nakuahidi. Maadamu TV yako inawaka, na hata mgao ukirudi nikabaki kusimulia mbele ya kioo cheusi kama wewe, mtu akiniuliza yule mzee anayeanguka mlangoni ni nani yake, nitafuta miwani yako nimjibu ni mjomba wake.

Mimi mwanao, na si mpwa wako,

Yustina