Vidole Begani

Jumanne, Agosti 2001

Mia tatu, mia tatu! Mwenzangu hapa studio, Rajabu, anaskani kila picha kwa nukta mia tatu kwa inchi, eti ndivyo tunavyofanya za paspoti. Leo nimemkatalia.

Bi Mwanaidi kashuka kutoka kijijini Mlola, huko milimani, na picha ya marehemu mama yake, ndogo kama kiberiti, kaifunga kwenye pindo la khanga. Hana nyingine. Anataka kubwa ya kutundika ukutani, mara nane ya ile. Kwa mia tatu uso ungetoka vibokisi vitupu. Nimeweka elfu moja mia mbili.

Kompyuta ikakoroma, taa zikafifia, Rajabu akacheka. Niliogopa umeme utakatika, lakini sikuishusha ile namba.

Picha ilipofunguka nikaona vidole vidogo begani kwa mama, vimechomoza kwenye mbeleko.

"Shikamoo bibi. Kwa mama yako mlizaliwa wangapi?"

"Marahaba. Mimi peke yangu, mwanangu."

Nikamwonyesha. Akagusa vile vidole kwenye kioo. Asubuhi alituambia hajawahi kuwa na picha ya utotoni.

Kumbe miaka yote alikuwa akitembea nayo kwenye khanga.