Niliwapongeza Mbele ya Wote

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia nimejifungia stoo, maana ofisini kuna barua siwezi kuitazama.

Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, na mwaka huu tulianzisha mpango wa afya kwa wafanyakazi, mshauri nasaha anakuja kila Jumatano, bure, nikabandika matangazo, nikatuma ujumbe kwenye simu, nikagawa hata fulana, watu hawaji, na bosi kila wiki, "Vipi, mbona chumba kitupu?", basi nikajiona mjanja, nikachapa majina ya wachache waliohudhuria, juu nikaweka "Hongereni, mashujaa wa afya!", nikaibandika orodha mlango wa kantini na kuisoma kwa kipaza sauti wakati wa chakula, nikiamini wengine watahamasika. Shangazi, walicheka. Kwenye orodha alikuwamo mama mmoja wa idara ya pasi, na tangu siku ile wanamwita "Shujaa", hata wifi yake wa idara ya kukunja alimuuliza mbele za watu, "Kumbe umeanza kuchanganyikiwa?" Jumatano hakurudi tena. Juzi kaniletea barua ya kuacha kazi, na ndani kaandika: "Pale ndipo nilipokuwa namlilia mwanangu." Sikujua kama alifiwa. Najuta sana. Nafikiria kumwomba radhi kwa kipaza sauti kilekile, wote wasikie. Nifanye hivyo?

Mkosaji wa Stoo

Marahaba, mwanangu. Pole, majuto yako nimeyaona, lakini hebu tuambizane ukweli. Mtu kaingia chumbani kulia, wewe ukamtangaza kantini! Nia mbaya hukuwa nayo, najua. Ulitaka bosi akuone unachapa kazi. Na hicho kipaza sauti, thubutu! Umtaje tena, watu waache vijiko wamgeukie?

Mtafute leo zamu ikiisha, ukiwa peke yako. Sema, "Mama, nimekukosea," kisha unyamaze. Habari za bosi usimletee. Mwambie mshauri anaweza kumwona nje ya kiwanda, kwa gharama ya kiwanda. Huyo wifi mwite faragha, umkanye. Kesho waambie wafanyakazi, bila kumtaja yeyote, kwamba orodha ilikuwa kosa lako na haitatoka nyingine. Bosi akitaka taarifa mpe idadi, majina hapana.

Mama akisema bado anaondoka, saini barua yake. Usimbembeleze abaki ili wewe upate usingizi.