Gari Lilikuwa Zima, Fundi Bakari

Fundi Bakari,

Barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Yako naijua, yangu umeiharibu wewe, kwa hiyo hapo tumemalizana. Sikuandikii ili nikulilie. Waliokulilia pale Waa walitosha, na wengine walilia mpaka wakashikwa mikono. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na mtu niliyemkasirikia amekwenda kulala mahali ambapo siwezi kumfuata nikamshika shati.

Ni mimi Ramadhani, uliyenifundisha kazi katika gereji yako ukanigawia chakula cha mchana nusu kwa nusu miaka yote ile, kisha ukanifukuza kama mbwa aliyeingia jikoni siku ya harusi.

Nikukumbushe, maana ulikuwa hodari wa kusahau yasiyokufaa. Nililifanyia sevisi gari lako mwenyewe, lile jeupe la kubebea vipuri kutoka Likoni. Nikamwaga oili kuukuu, nikabadili filta, nikatia oili mpya. Kila nilipoacha mdomo wa injini wazi niliuziba kwa kitambaa, kama ulivyonifundisha, vumbi la barabarani lisiingie. Kesho yake ukatoka nalo. Hujafika mbali, ile taa nyekundu ya presha ya oili ikawaka kwenye dashibodi, na ikakataa kuzimika. Ukarudi umevutwa kwa kamba. Na kabla hujafungua hata boneti, ulikuwa umeshamjua mwenye makosa.

"Kitambaa kiko wapi?" uliniuliza.

Nilikitafuta, sikukiona. Kitambaa gani kinachokaa mahali katika gereji? Leo kinafuta mikono, kesho kimefunga bomba la mteja. Lakini wewe ulisimama mbele ya wenye tuktuk na mteja wako wa Tiwi ukasema kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu: "Umekiacha ndani, kimeziba njia ya oili. Injini imekufa, na wewe ndiye Izraili wake." Watu wakacheka. Jina likashika siku hiyo hiyo. Tangu Waa hadi Ukunda, hakuna aliyetaka Izraili amfungulie boneti.

Nikaenda Galu. Huko natengeneza pampu za maji na jenereta za nyumba za wageni, ambako watu hawaulizi ulifundishwa na nani, wanauliza maji yatatoka saa ngapi. Nakula, nalala, sijafa. Lakini jambo lililonitesa si lile jina, Fundi. Lililonitesa ni kwamba nilikuamini. Nilisadiki kabisa kwamba mikono yangu iliua injini. Nikifunga pampu ndogo tu ya bustani, nilikuwa nahesabu vitambaa vyangu kama mtu anayehesabu watoto ufukweni. Wewe ulinifanya nikawa hivyo.

Na gari lako ukalivuta mpaka nyumbani, ukalifunika turubai kando ya jiko, ukaapa kwamba mtu asiliguse. Fundi mkubwa wa Waa, aliyezoea kupiga honi akipita msikitini ili aonekane, akawa anapanda bodaboda amekumbatia sanduku la spana. Walipokuuliza, ulijibu kwamba unasubiri injini nyingine kutoka Mombasa. Injini hiyo ilikuja? Haikuja. Wewe ndiye uliyekwenda.

Mazishi yako yalipopita, mkeo alinipigia simu. Sikutarajia. Nilidhani hata namba yangu ulimfutisha. Alisema maneno machache: "Injini uliiua wewe, basi njoo uifufue. Mwanangu Mishi yu karibu kujifungua, na mimi sitaki kumzika mwingine kwa kukosa gari."

Nilikwenda. Ungekuwa wewe uliyeita nisingekwenda, lakini Bi Mwanakombo alikuwa akinitilia wali sahani moja na wanawe, siwezi kumfanyia jeuri. Nilimkuta edani, kwa hiyo nilikaa barazani na yeye akazungumza nami kutoka nyuma ya pazia la mlango. Shikamoo yangu ikaitikiwa na sauti ambayo sikuijua mara moja, imekonda ile sauti. Na bila mimi kumwuliza, akanisimulia asubuhi yako ya mwisho.

Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kuingilia kwenu ilikuwa tope tupu. Kifua kikakubana ukiwa unatawadha. Watu wakakimbia kutafuta tuktuk, na wenye tuktuk wakasimama kule barabara kuu wakakataa kuingia. Ikabidi ubebwe juu ya kitanda, wanaume wanateleza, na ulipofika lami ulikuwa umeshakata roho. Hayo niliyasikia hata Galu. Ambalo sikulisikia ni hili. Bi Mwanakombo alisema: "Wakati tukiwangoja hao wa tuktuk, yeye akitaja gari. Gari, gari. Akinyoosha mkono kule jikoni. Nami nikamwambia, gari limekufa, mume wangu, tulia, watu wanakuja. Nikamshusha ule mkono."

Nikamwambia pole, Mama. Nikalivuta gari lako hadi Galu, kwenye banda ninalofanyia kazi, nikiwa na nia ya kuishusha injini yote na kutafuta kitambaa changu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka uone haya, kama huko mtu huona haya.

Kabla ya kushusha injini nilisema nipime kwanza. Si wewe uliyenifundisha? Taa ni mtu wa umbea, ulikuwa ukisema, usimhukumu mtu kwa maneno ya taa. Ile taa huwashwa na sensa, kidude kidogo kuliko kidole gumba, kimefungwa ubavuni mwa injini. Ukitaka ukweli, unaifungua sensa, unafunga geji mahali pake, unawasha injini na kusoma presha yenyewe. Basi nikaifungua. Na kwenye meno yake ya kufungia nikakuta utepe mweupe, ule wa mafundi bomba.

Kiwandani hawaivishi sensa utepe, Fundi. Na utepe ule ulikuwa umezungushwa mara nyingi kupita kiasi, ncha imekatwa kwa meno. Ni wewe tu niliyekuwa nikikugombeza kwa kukata utepe kwa meno. Mkono mwingine haukuligusa gari hilo, uliapa mwenyewe. Nikakaa chini kwenye mchanga. Mtu haifungui sensa ile ila kwa kutaka kuweka geji.

Nikafunga geji yangu. Nikaazima betri, nikatia petroli mpya. Likakohoa, likawaka. Mshale wa geji ukapanda, ukasimama palepale panapotakiwa, haukutikisika. Nikakanyaga mafuta, ukapanda zaidi, ukarudi. Oili niliyoitia mimi ilikuwa safi inang'aa. Hakuna kitambaa, hakuna njia iliyoziba. Nikafunga sensa mpya na ile taa ikazimika papo hapo. Kazi yenyewe si ya kumtoa mtu jasho.

Injini ilikuwa nzima siku zote. Na wewe ulijua.

Ulipima baada ya kunifukuza, ukauona mshale kama nilivyouona mimi. Ukajua kwamba Rama hakuua kitu. Kisha ukafanya nini? Ukaichukua sensa ile ile mbovu, ukaivisha utepe ili isivuje, ukairudisha mahali pake na kulifunika gari turubai. Kwa sababu ungeliwasha, watu wangeuliza, na ungelazimika kusema mbele ya wenye tuktuk kwamba Fundi Bakari amekosea. Neno moja tu. Hata usingelisema kwangu, ungelisema kwa ukuta, mimi lingenifikia. Ukaona bora upande bodaboda mwaka mzima. Ukaona bora mimi niitwe Izraili.

Nilirusha spana, ikaenda kuangukia kwenye mihogo ya jirani. Nilikutukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Halafu nikaukumbuka mkono wako, ukinyooshwa kule jikoni, na matusi yakaniishia. Gari, gari. Ulikuwa unawaambia liwasheni. Asubuhi ile ulikuwa tayari kusema, mjinga wewe, na hakukuwa na aliyekuelewa, kwa sababu ulikuwa umewafundisha vizuri mno kwamba limekufa.

Nililia, ndiyo. Usijivune. Nililia kwa hasira.

Wiki nzima gari lilikaa kwangu likiwa zima. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nitasimama gerejini kwako, niwaite wale wote waliocheka, niwashe injini, niwaonyeshe sensa. Nitasema, mtazameni Izraili wenu. Nilijiona kabisa nikisema hivyo na watu wakinyamaza. Kila nilipofika hapo nilimwona na mkeo nyuma ya pazia lake, akihesabu mwendo wa kutoka kwenu mpaka hospitali kwa gari zima. Akiukumbuka mkono alioushusha.

Ungekuwa hai ningekuuliza, nifanye nini sasa? Wewe ulikuwa na jibu la kila kitu.

Nikalirudisha. Mume wa Mishi alikuja kulipokea, akaliwasha, akazunguka nalo mpaka barabarani, majirani wakatoka kutazama. Mimi nikakaa barazani, sensa mbovu nimeifumbata mfukoni. Niliichukua iwe ushahidi. Pazia likacheza kidogo, mkeo akauliza, "Kwani ilikuwa na nini, mwanangu?"

Nilifungua mdomo niseme ukweli, Wallahi. Sensa tayari nilikuwa nimeitoa nusu mfukoni. Nikajisikia nasema: "Ilikuwa imekufa kweli, Mama. Nimeifungua yote. Kitambaa nimekikuta ndani."

Akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akasema, "Basi Bakari alisema kweli."

"Alisema kweli," nikaitikia.

Akasema, "Nilikuwa na chuki nawe, sikufichi. Nilikuwa nikisema, kama si huyu mtoto, mume wangu angefika hospitali. Lakini umekuja, umetengeneza ulichoharibu. Nimekusamehe, Rama. Na yeye huko aliko amekusamehe."

Unasikia, Fundi? Umenisamehe. Nilisema ahsante, Mama. Nilisema ahsante! Nikanywa chai aliyonitolea, nikaaga kwa adabu, na nilipofika kona ya msikiti nikakitupa kile kidude chako kwenye shimo la takataka, nikapanda bodaboda kurudi Galu. Kufika magharibi Waa nzima ilikuwa imeshapata habari kwamba Rama amekiri kwa kinywa chake.

Kwa hiyo hongera. Umeshinda ukiwa umelala. Siku ya kukuzika, ndugu yako aliposimama kutuuliza kama tumekuwia radhi, watu wote walijibu ndiyo, mimi nikafunga mdomo. Hata sasa nimeufunga. Sijui nitakuwia radhi lini, na usinisukume. Ninalojua ni kwamba nakukumbuka kila ninapofungua kitu, nawe hustahili kukumbukwa hivyo, na hilo nalo linaniudhi.

Mishi amejifungua msichana, salama. Walikwenda kwa gari lako na hata tope halikuwasumbua.

Kwaheri, Fundi Bakari. Kaburini kwako sitakuja, sina maneno mazuri ya kusema pale. Nyumbani kwako nitakwenda kila gari litakapotaka oili, nitalisikiliza na kulipima kwa geji, na taa ikiwaka sitamhukumu mtu. Mkeo akiniita mbele ya wageni, huyu ndiye aliyeua injini ya marehemu, nitaitika.

Ramadhani